Kutoka Kilwa hadi Mbagala: Nyumba, Bahari na Majira

Barabara ya Kilwa huanzia karibu na bandari ya Dar es Salaam, hupita Kurasini, Mtoni, Mbagala na Kongowe, kisha huingia Mkoa wa Pwani kwa njia ya Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri. Huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, huteremkia Somanga, na kufika Nangurukuru, njia panda ambako magari ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hukata kushoto na yale ya Lindi na Mtwara hunyoosha mbele. Kwa watu wengi wa mwambao wa Lindi barabara hii ina maskani mwanzoni na maskani mwishoni: huku nyumbani walikozaliwa, kule jiji walilohamia. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 60,000. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika kilomita za mraba 1,400 hivi. Tofauti nyingi za nyumba, sauti, mwanga na hata salamu kati ya sehemu hizi mbili zinaanzia kwenye hesabu hiyo.

Watu wa Kusini, kama wanavyoitwa jijini, wapo kila kona ya Dar es Salaam, lakini wengi wamekaa upande wa Temeke: Mtoni, Mbagala, Charambe, Chamazi. Sababu ni nyepesi kuelewa. Gari la kutoka Kusini huingia jijini kwa upande huo, na aliyetangulia alipanga chumba au alinunua kiwanja karibu na aliposhukia. Aliyefuata alifikia kwake. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mwenyeji huyo mara nyingi alikuwa mjomba, na neno lake lilikuwa na uzito katika kuamua kijana alale wapi na aanze na kazi gani. Mitaa ya Mbagala ilikua kwa ujomba na ujirani kabla ya kuguswa na ramani za mipango miji.

Anayetoka Kilwa kwenda Dar es Salaam anatoka kwenye mji wa kale kwenda kwenye mji mchanga. Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mji ulikuwa umekwisha kutajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala. Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa matao na kuba katika karne hiyohiyo, na kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane, lilijengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Wajerumani waliifanya makao yao makuu mwaka 1891. Wakati huo Kilwa Kivinje, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ilikuwa imeishi miongo kadhaa kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Utajiri wa mji ule ulitokana na mateso ya watu, na historia ya mwambao haiwezi kusimuliwa bila kulitaja hilo.

Kilwa ya leo ni tatu, na kila moja ina sura yake. Kilwa Kisiwani inafikiwa kwa mashua kutoka Masoko. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Wanakijiji wanaishi humohumo, nyumba zao za udongo zikiwa kando ya kuta za mawe zilizosimama kwa mamia ya miaka. Kilwa Kivinje ina njia nyembamba, milango ya nakshi iliyochakaa, boma la Wajerumani lililobomoka na pwani ya tope na mikoko ambayo maji yakitoka huiacha mitumbwi imekaa juu ya matope. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya: barabara pana zilizonyooka, ofisi, soko, gati na uwanja mdogo wa ndege. Ukiendelea kusini utafika mji wa Lindi, kwenye ghuba inayopokea Mto Lukuledi. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini na mji wa biashara ya mkonge, lakini Mtwara ilipopata bandari yenye kina kirefu mwanzoni mwa miaka ya 1950, meli na ofisi zilihamia huko. Ndiyo maana Lindi imebaki na maduka ya zamani ya ghorofa moja na barabara ambazo mtu anaweza kusimama katikati akasalimiana na mwenzake bila kupigiwa honi.

Kinachoipa miji hii sura yake zaidi ya kingine chochote ni kwamba nyumba ni fupi kuliko miti. Minazi, miembe na mikorosho ndiyo inayochora upeo wa macho, na paa hujificha chini yake. Dar es Salaam ilikuwa hivyohivyo zamani. Leo Kariakoo, iliyopimwa kwa mitaa ya mraba ili Waafrika wajenge nyumba za kawaida zenye baraza, imejaa maghorofa, na mti uliobaki husimama kwenye kivuli cha jengo.

Hata hivyo mtu wa Kilwa haioni Mbagala kuwa ngeni kabisa, kwa kuwa nyumba anayoikuta ameijua tangu utotoni. Nyumba ya Kiswahili ni ile ile mwambao mzima: umbo la mstatili, mlango katikati, baraza mbele, korido inayopita moja kwa moja, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kuogea. Tofauti ya kwanza ni ya vifaa. Vijijini Kilwa na Lindi nyumba ya asili husimamishwa kwa nguzo na fito, hukandikwa udongo na huezekwa makuti. Zile za mawe katika miji ya kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa palepale pwani, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya magofuni ni virefu na vyembamba. Makuti hayadumu, yanataka kubadilishwa baada ya miaka michache, lakini chini yake joto la mchana wa kaskazi huvumilika. Mbagala ukuta ni tofali la saruji na paa ni bati. Nyumba hiyo haivuji wala haihitaji kuezekwa upya kila mara, ila saa nane za mchana haikaliki, na usiku ukuta huendelea kutoa joto lililokusanywa tangu asubuhi.

Tofauti ya pili ni nzito kuliko ya vifaa. Nyumbani, nyumba yenye vyumba sita ni ya ukoo mmoja: wazee, watoto, binti aliyeachika na mgeni aliyekuja kwa msiba. Jijini, nyumba ya ramani hiyohiyo ina kaya sita, kila chumba na mlango wake, kufuli lake na pazia lake. Kitanda, kabati, ndoo za maji na vyombo vyote hukaa humo. Jiko la mkaa au la gesi huwekwa koridoni mbele ya mlango, na harufu ya mboga ya kila mmoja hufahamika na wote. Ua ambao Kilwa ulikuwa mahali pa kina mama kutwanga, kukuna nazi na kusukana, jijini ni mahali pa zamu: zamu ya bafu, zamu ya kamba ya kuanikia, zamu ya kufagia. Mita ya umeme ya LUKU ikiwa moja, huzuka mjadala usiokwisha juu ya nani ana friji, nani anapiga pasi kila siku na nani achangie kiasi gani. Baraza lipo, lakini mara nyingi limegeuzwa genge la nyanya, banda la chipsi au kibanda cha kutuma fedha. Mzee aliyezoea kukaa barazani jioni akipokea salamu za wapita njia hukuta pameshakodishwa.

Kupanga kwenyewe ni jambo geni kwa anayetoka kijijini. Kwao mtu hupewa mahali pa kujenga na wazee wa ukoo au na serikali ya kijiji, na majirani husaidia kukandika. Dar es Salaam chumba hutafutwa kwa dalali, naye hudai malipo yake, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wengi hulala miezi mingi kwenye mkeka wa ndugu kabla ya kuzipata fedha hizo.

Bahari ndiyo hasara kubwa. Dar es Salaam ni mji wa pwani, tena wenye bandari kubwa kuliko zote nchini, lakini mkazi wa Charambe au Chamazi anaweza kumaliza mwezi bila kuiona bahari. Ufuko umezungushiwa kuta za bandari, hoteli na nyumba za wenye uwezo, na palipobaki wazi mtu huenda kupunga upepo siku ya sikukuu. Kilwa na Lindi bahari ni shamba. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, wanawake na watoto huenda pwani kutafuta pweza, chaza na kaa, na kinachopatikana huingia chunguni siku hiyohiyo. Siku za maji mafu shughuli hupungua. Wavuvi hufuata upepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha kusi inayochafua bahari na kuwaweka nchi kavu wenye vyombo vidogo. Mtoto anayekulia Somanga au Kivinje anajua hali ya maji bila kwenda kuyatazama. Akihamia jijini ujuzi huo hauna pa kutumika, na wachache ndio wanaoupata tena kwa kufanya kazi katika soko la samaki la Feri, ambako samaki na pweza wa Kilwa hufika wamelazwa kwenye barafu.

Chakula nacho hubadilika, ingawa viungo ni vilevile. Kilwa na Lindi nazi huangushwa mtini. Jijini hununuliwa mojamoja na bei yake hufikiriwa mara mbili. Bada la muhogo na mchuzi wa samaki hupisha sembe na mboga iliyokaangwa kwa mafuta ya kupimiwa kwenye kifuko. Ng'onda iliyotumwa kutoka nyumbani kwa basi hugawanywa kidogokidogo kwa majirani wa asili moja, na kwa hakika hakuna kifurushi kinachopokelewa kwa furaha kama hicho.

Mwaka wenyewe una umbo jingine. Mwambao wa Lindi una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, wakati Dar es Salaam hupata vuli na masika. Kusini fedha huja kwa mafungu mawili: ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, na korosho zinapoingia minadani kuanzia Oktoba kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mazao kwenye chama cha msingi, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Malipo yakitoka kijiji hubadilika: bati hununuliwa, madeni ya dukani hufutwa, harusi hupangwa, mwali hutolewa nje na ngoma hukesha. Malipo yakichelewa kila kitu huchelewa. Maisha ya Mbagala hayana msimu wa neema wala wa kungoja. Kuna hela ya leo, itakayolipa nauli, unga na mkaa, na kuna tarehe ya kodi ambayo haijali mvua wala bei ya korosho. Mtu huamka saa kumi na moja ili awahi gari, husimama njia nzima hadi Kariakoo au Posta, na hurudi usiku watoto wamelala. Daladala na njia maalumu za mabasi yaendayo haraka zilizojengwa katikati ya Barabara ya Kilwa ndizo zinazopanga siku yake, kama maji yanavyopanga siku ya mvuvi.

Sauti za sehemu hizi mbili haziwezi kulinganishwa hata kidogo. Kivinje usiku husikika upepo kwenye mivinje, mbwa wa mbali na adhana moja au mbili. Mbagala adhana za misikiti mingi hupandana, zikichanganyika na makondakta wanaoita kituo cha Rangi Tatu, bajaji, spika za singeli na mahubiri ya jirani. Mgeni hushindwa kulala wiki za mwanzo. Baadaye hurudi kijijini likizo akakosa usingizi kwa sababu ya ukimya.

Mwanga una historia inayostahili kukumbukwa. Gesi asilia iligunduliwa kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na mwaka 2004 bomba la kilomita 232 lilianza kuipeleka Ubungo, Dar es Salaam, kuzalisha umeme. Siku hizo vijiji vingi vya mwambao huohuo vilikuwa bado vinawasha koroboi na taa za chemli. Kwa hiyo kijana wa Kilwa aliyehamia jijini aliikuta taa iliyowashwa kwa gesi ya kwao. Tangu hapo nyaya zimefika vijiji vingi, lakini kwa miaka mingi giza la usiku lilikuwa mojawapo ya sababu ambazo vijana walizitaja waziwazi walipoondoka. Mkaa umefuata njia hiyohiyo: sehemu kubwa ya unaopikia Dar es Salaam hutoka misitu ya Pwani na Kilwa, na magunia yake hupangwa kando ya barabara kuanzia Somanga kwenda juu.

Kazi iliyowapokea vijana wengi wa Kusini ilikuwa ya kuuza bidhaa mkononi. Katika miaka ya 1980 na 1990, biashara ilipofunguliwa na nguo na vyombo kutoka nje vikajaa madukani, walitembea mitaa ya Kariakoo na katikati ya jiji wakiwa wamebeba mashati, saa na mikanda. Jina la Wamachinga, watu wa Kilwa na Lindi, likaishia kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchini, awe Mmachinga, Msukuma au Mchaga. Kwa miongo kadhaa wamehamishwa na kurudi. Mwaka 2021 serikali iliwaondoa kwa wingi kando ya barabara na kuwapangia maeneo mengine. Haki yao ya kuwa mahali fulani mjini imebaki jambo la kujadiliwa upya kila mara, tofauti na kijijini ambako hakuna anayeulizwa kwa nini amekaa pale alipokaa.

Salamu na heshima zimehimili safari kuliko mambo mengine. Mtoto wa Mbagala aliyelelewa na watu wa Lindi bado hutoa shikamoo kwa kila mkubwa wa nyumba, awe ndugu au mpangaji tu, na mwanamke wa chumba cha pili huitwa shangazi au mama fulani kwa jina la mtoto wake. Unyago unafanyika hadi jijini. Kungwi hupatikana, ngoma hupatikana, ila siku hufupishwa zitoshee likizo ya shule, na sherehe ya kumtoa mwali huandaliwa kwenye turubai lililofunga nusu ya mtaa. Misiba ndiyo huonyesha zaidi nguvu ya asili moja. Watu waliotoka kata moja au tarafa moja huwa na daftari la michango, na akifa mmoja wao hukusanywa haraka fedha za sanda, chakula au gari la kumrudisha kwao. Asiyekuwemo daftarini hujulikana, na fedheha yake humfikia hadi mama yake kijijini.

Kurudi nyumbani zamani kulikuwa jambo la kupanga kwa miezi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na wakati wa mvua magari yalinasa kwenye tope siku kadhaa. Kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilibaki cha vumbi na tope kwa takriban muongo mzima baada ya daraja, na ndicho kilichovunja magari na subira za abiria. Kilipowekwa lami, safari ya Lindi ikawa ya siku moja, na uhusiano wa jiji na nyumbani ukabadilika. Mtu huweza kuondoka alfajiri akawahi maziko ya alasiri. Lakini barabara bado ina udhaifu wake: Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata madaraja na makalavati wilayani Kilwa, na mabasi ya Lindi na Mtwara yakakwama hadi matengenezo ya dharura yalipofanyika.

Wepesi huo wa safari umeileta sura ya jiji hadi nyumbani. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara mwaka 2015, saruji haikulazimika tena kusafirishwa kutoka Dar es Salaam, na nyumba za tofali zikaongezeka kando ya barabara kutoka Mingoyo hadi Nangurukuru. Nyingi hujengwa kwa fedha za watoto waliohamia mjini: bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, vigae barazani. Baadhi hukaa zimefungwa karibu mwaka mzima, zikilindwa na mzazi anayeendelea kulala kwenye nyumba ya udongo iliyo pembeni kwa sababu ina ubaridi. Bodaboda zimechukua nafasi ya baiskeli, na wimbo unaovuma Mbagala Ijumaa husikika Masoko kesho yake. Wakati huohuo Kivinje inaendelea kupoteza kuta zake za mawe mvua kwa mvua, kwa kuwa ukarabati wa nyumba ya matumbawe na chokaa ni ghali kuliko kujenga upya kwa tofali, na mafundi wanaoijua kazi hiyo ni wachache. Huo ni upotevu ambao fedha za baadaye hazitaweza kuufidia.

Serikali nayo imeanza kuwekeza kwenye upande wa nyumbani. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, iliyopangwa kuwa na gati, majokofu, mitambo ya barafu na soko la samaki. Na Likong'o, jirani na mji wa Lindi, ndipo palipotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi asilia iliyopatikana baharini. Bandari ya Masoko imekusudiwa kupokea meli za uvuvi wa bahari kuu, pamoja na samaki wa wavuvi wa mwambao ambao kwa sasa husafirishwa kwa barafu hadi Feri.